Mti Uliomngoja Chibago

Mwaka ambao kuku wa Dodoma waligoma kutaga nje, kwa kuwa yai lilikuwa likiiva kabla kuku hajainuka, ndio mwaka Sechelela alipochaguliwa mwenyekiti wa wajitoleaji wa Bustani ya Mavumbini. Cheo hicho hakikuwa na posho wala kiti. Kilikuwa na jembe, keni ya kumwagilia yenye tundu, na haki ya kulaumiwa kila jani linapoanguka.

Asubuhi moja ya mwaka huo, king'ora cha joto kililia watu wakiwa bado wanakunywa chai. Hakikulia kwa vipande kama siku nyingine. Kilitoa mlio mmoja mrefu usio na mapumziko, na kila mtu mjini alijua maana yake: ikifika saa sita, asiye na mti asionekane nje.

Sechelela alikuwa amekwisha kutifua udongo chini ya mti wake, ameokota majani makavu na kuyarudisha shinani kama anayemfunika mtu shuka. Akatazama huku, akatazama kule. Alipoona hakuna mtu karibu, alifungua kindoo cha siagi ambacho alikuja nacho kila siku na ambacho wenzake waliamini kina uji wake. Akatoa shati.

Lilikuwa shati la kitenge, la mikono mifupi, lenye ndege wa njano waliokwisha kupauka. Kola yake ilikuwa nyeusi kwa jasho. Akalikunja, akaliweka kwenye pua ya mti, akasugua polepole kama mama anayemfuta mtoto mdomo.

Pua ndiyo iliyoitofautisha mipumuo, miti ya aina hiyo, na miti mingine yote ya mjini. Usawa wa kifua cha mtu mzima aliyeketi, gome la shina liliacha ugumu wake likawa laini kama sikio la ng'ombe, mkanda mzima kuzunguka mti. Hapo ndipo mpumuo uliponusa jasho la binadamu na kumjua. Ukishakujua, siku ya joto ukikaa chini yake, majani yanageuka, yanaonyesha weupe wa tumbo lake, na ukungu wa baridi unakushukia wewe, mwembamba kama uzi, hauendi kwa jirani hata akusogelee bega kwa bega. Asiyejulikana na mti alipata kivuli tu, na kivuli cha miaka ile kilikuwa sawa na kivuli cha ndani ya tanuri.

Wataalamu hawakuutengeneza hivyo kwa roho mbaya. Zamani mjini humo miti ilipandwa na wakubwa. Mkubwa anashuka kwenye gari, anashikishwa mche, anapigwa picha, anapangusa mikono. Mche unabaki unatazama vumbi la gari linavyotokomea, na wiki ya pili umekuwa kuni. Ndipo watu wa maabara wakasema, basi, tuoteshe mti unaomlipa anayeutunza. Mpumuo ulidai mkono wa mtu kila siku kwa wiki tatu kabla haujakubali kumjua. Watu wake walikuwa sita, na wa saba haukumtaka hata aje na mchungaji wa kumwombea. Lakini mtu asipougusa mwezi mzima, ulimsahau, na nafasi yake ikawa wazi kwa mwingine.

Hapo kwenye kusahau ndipo lilipoingia lile shati.

Chibago, mume wa Sechelela, alikuwa fundi baiskeli, mtu mfupi mwenye maneno machache na vidole vyeusi vya grisi. Kila siku saa tisa alasiri alikuwa akija kukaa kwenye benchi la upande wa machweo, anavua viatu, na mti unampumulia. Mwaka juzi alifariki. Wiki moja baada ya mazishi Sechelela alipita pale saa tisa, akakuta majani yamegeuka na ukungu unashuka taratibu juu ya benchi tupu, kama siku zote. Akakaa. Alikaa mpaka mgongo wa gauni ukalowa. Kesho yake alikuja na shati la mwisho alilovua mumewe, ambalo hakuwa amelifua.

Hakuwa mjinga. Alijua ule ni mti na lile ni shati. Ila alijua pia kwamba katika dunia nzima hapakuwa tena na kitu kingine kilichokuwa kinamngoja Chibago.

Tatizo ni kwamba wiki iliyopita mtu alianza kunusa habari hizi, na si mti. Ndahani, injinia wa miti, binti mpole aliyetembea na kifaa cha kupimia pumzi kimening'inia shingoni kama kengele ya mbuzi, alimuuliza kwa adabu ni nani anayekaa kwenye benchi lile alasiri. Mti unatoa pumzi ya mtu mzima, akasema, na mimi simwoni mtu. Akaongeza kwamba si mti huo peke yake; bustani nzima inakunywa maji ya watu wengi kuliko wanaoonekana. Sechelela alimjibu kwamba kifaa kimeingia vumbi. Akampa kitambaa akipanguse. Binti akakipangusa.

Tangu siku hiyo mwenyekiti hakulala vizuri.

"Shemeji."

Sechelela alilisukuma shati ndani ya kindoo na kubana mfuniko kwa kiwiko. Aliyemwita ni Mzee Kusila, rafiki wa marehemu mumewe, mjitoleaji aliyejipa mwenyewe kazi ya kulinda geti. Alikuwa na kofia kubwa ya pama ambayo hakuivua hata kanisani, jambo lililokuwa limekwisha kumgombanisha na wazee wa kanisa.

"Uji huo hauishi?" akauliza, akikitazama kindoo.

"Nakunywa kidogo kidogo."

Kusila hakuendelea na uji. Alisema mashine ya baridi ya ukumbi wa sokoni imekata roho, ile iliyokuwa inawahifadhi watu wasio na miti. Watu wametembea. Wako getini.

* * *

Walikuwa kama thelathini, wamejipanga kwenye ukuta ambao kivuli chake kilikuwa kimebaki upana wa kiganja. Wazee walikuwa wengi. Katikati yao lilisimama godoro, godoro zima la pamba la futi nne, na chini yake kulikuwa na mtu.

Sechelela alimjua kabla hajaliweka chini. Alikuwa Lukonge, fundi magodoro. Mwezi uliopita alikuja na wenzake kuomba kujitolea, na yeye mwenyekiti, kwa mdomo wake, aliwaambia bustani imejaa, miti haina nafasi hata ya kuku. Siku ile Lukonge aliitazama miti, akahesabu watu waliokuwa chini yake, akasema inaonekana miti ya hapa inashiba haraka. Wakaondoka. Sechelela alikwenda nyumbani akamenya vitunguu ambavyo hakuwa na haja navyo.

Sasa alisimulia mmoja wa wale bibi kwamba kutoka sokoni mpaka hapa Lukonge alilibeba godoro lile juu ya vichwa vyao kama mwavuli, akiwapeleka wawili wawili na kurudi kuwafuata wengine. Mwenyewe alitembea juani, pembeni, kwa sababu mwavuli wa godoro hauna nafasi ya anayeubeba.

"Mama mwenyekiti," Lukonge alisema. Sauti ilikuwa imekauka lakini uchokozi ulikuwa mzima. "Nimekuja kuona kama bado mmejaa."

"Ingieni," Sechelela alisema, asimtazame.

Waliingia. Wajitoleaji waliinuka kuwapisha, na hapo kila mtu akaona aibu ambayo hakuna aliyeitaja. Mgeni alikaa mahali penye baridi, na baridi ikaondoka kumfuata mwenyewe. Watoto waliwezekana, waliwekwa mapajani, uzi wa ukungu ukawalowesha pamoja na aliyewapakata. Watu wazima hawawekeki mapajani, ingawa mama mmoja mnene wa kwaya alijaribu kumpakata babu, na babu akakataa kwa heshima yake. Maji yaliletwa kwenye ndoo, nayo yalikuwa ya moto kiasi cha kutaka majani ya chai.

Saa sita ilipita. Hewa ikaanza kutetemeka juu ya lami huko nje, na ndege wakanyamaza wote kwa pamoja, kama darasa lililomwona mwalimu.

Lukonge alikuwa amekaa amelegea kwenye shina la mti wa Sechelela, upande wa machweo, miguu imenyooka mbele. Kwa muda mrefu alikuwa akiwachekesha wazee. Akawaambia kwamba siku akifa azikwe kwenye godoro lake mwenyewe, asije akalazwa kwenye kazi ya fundi mwingine. Halafu akaanza kuzungumza na mtu asiyekuwepo, akimwonya asizidishe pamba kwenye pembe. Sechelela alimwekea mkono kwenye paji la uso. Alitegemea majimaji. Ngozi ilikuwa kavu, kavu kabisa, na ya moto kama chungu kilichosahaulika jikoni.

Alikuwa ameacha kutoka jasho.

Sechelela alimpigia Ndahani simu. Injinia alisema gari la wagonjwa haliwezi kufika kabla ya alasiri, mji mzima unaliita. Alisema mpakeni maji. Sechelela akamwambia maji yenyewe yanaunguza. Akauliza, na akajisikia mpumbavu kuuliza jambo analolijua, kama hakuna namna ya kuulazimisha mti. Ndahani akajibu hakuna. Wiki tatu ni wiki tatu, na mtu aliyekauka jasho mti hauna hata cha kunusa. Kisha binti akasema polepole:

"Mama, mimi kifaa changu nilikipangusa. Kama hapo kuna pumzi inayotoka bure, niambie sasa."

Sechelela alikata simu.

Alitazama kindoo. Kilikuwa pale pale kwenye mizizi, cheupe, kimefunikwa vizuri. Ungedhani kina uji.

Hesabu haikuwa ngumu, na ndiyo maana ilimtesa. Shati lile mti uliliamini. Lakini shati likivaliwa na mtu mwingine mchana mmoja wa joto, basi. Mwili wake utaingia kwenye kila uzi, na jasho la Chibago, lile dogo lililobaki, litakwenda na maji. Na mwenyewe hayupo wa kulitoa tena. Kesho asubuhi mti utanusa mtu mwingine. Saa tisa benchi litakuwa benchi.

Na si hilo tu. Akilitoa, watu watamwona. Watajua ni kwa nini mwezi uliopita bustani ilijaa, na ni kwa nini mtu huyu alikuwa ukumbini sokoni leo badala ya kuwa chini ya mti. Akawaza, labda gari litawahi. Akawaza, labda atatoka jasho mwenyewe, ni mwanamume bado ana nguvu. Alilibana wazo hilo la pili kwa muda, kama mtu anayeshikilia mlango ambao nyuma yake kuna upepo. Lukonge akasema, bila kufumbua macho, "Pembeni pembeni, jamani, pamba imezidi." Halafu hakusema tena.

Sechelela alifungua kindoo.

* * *

Kumvisha shati mtu aliyelegea ni kazi ya watu wawili, na yeye aliifanya peke yake, kwa sababu alikuwa akiogopa kumwita mtu. Mkono mmoja uliingia, wa pili ukagoma. Lukonge alikuwa mkubwa kuliko Chibago kwa pande zote; vifungo vilikutana na matundu yake kwa chuki. Alipomaliza alimsukuma mpaka mgongo ukabana kwenye pua ya mti, shati katikati, akamshika mabega asianguke.

Mti haukufanya kitu.

Alisubiri. Juu yake majani yalining'inia, kijani kitupu. Jasho lake mwenyewe lilikuwa likimdondokea kidevuni, na mara akaingiwa na hofu mpya, kwamba mti unamnusa yeye badala ya shati, basi akajirudisha nyuma, akamwacha Lukonge aegemee kwa uzito wake. Mgonjwa akainamia upande. Sechelela akamzuia kwa mguu. Hapo alikuwa amesimama, mwenyekiti mzima, akimshikilia fundi magodoro kwa unyayo, akiomba kimoyomoyo. Labda alimwomba Mungu, labda Chibago, labda mti. Labda pia alikuwa amechelewa. Labda ule mti ulijua saa kuliko ulivyojua harufu, na saa tisa ilikuwa mbali.

Kisha jani moja likageuka.

Likageuka la pili. Halafu tawi zima likaonyesha weupe wake, kwa sauti kama ya mtu anayepekua kitabu kikubwa, na ukungu ukashuka. Ulishuka juu ya kichwa cha Lukonge, mabegani, juu ya ndege wa njano. Ulishuka taratibu, bila haraka, kama mti uliokuwa ukimngoja mwenyewe na hatimaye umemwona.

Sechelela akakaa chini kwenye vumbi.

"Kumbe huo ndio uji," Kusila alisema nyuma yake.

 Sechelela alikuwa anangoja mengine. Alijua shemeji yake ana ulimi, na alijua anastahili kila neno litakalotoka. Wajitoleaji wengine walikuwa wamekwisha kuinuka na kusogea. Mama wa kwaya alikuwa mbele yao, mikono kiunoni. Wote walilijua shati lile; Chibago alikuwa akilivaa kila wiki.

Kusila akavua kofia. Watu walishangaa zaidi kwa kofia kuliko kwa shati, maana wengine hawakuwahi kukiona kichwa chake. Ndani ya kofia, kimekunjwa na kushonewa kwa uzi, kulikuwa na kipande cha kanga ya marehemu mke wake.

"Na mimi wangu huyu hapa," akasema. "Kila asubuhi nauinamia mti kama nausalimia." Alikata uzi kwa meno, akamfuata bibi mmoja aliyekuwa amelala ukingoni, akamfunga kanga kichwani, akamwinua kumpeleka kwenye mti wake. Mti ukageuza majani.

Hakuna aliyetoa amri baada ya hapo. Mama wa kwaya alirudi kwenye mkoba wake, akatoa joho la marehemu dada yake, Lea. Mwingine alitoa soksi. Mwingine alikuwa na mbeleko, na huyo aliishika kwa muda kabla hajaitoa, na hakuna aliyemharakisha. Zikatoka skafu ya marehemu mwalimu Masinga, fulana ya mpira, kofia ya sufu ya mtu aliyefia Mwanza, taulo. Kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake. Kila mmoja alikuwa amemficha wake kwenye mfuko, kwenye kibuyu, kwenye mfuniko wa sufuria, na kila mmoja mwezi uliopita alikuwa ameinua mkono kukubali kwamba bustani imejaa. Ilikuwa imejaa kweli. Ilijaa marehemu.

Basi wageni wa sokoni wakavalishwa. Ungeingia getini wakati ule ungegeuka na kukimbia: ukungu umetanda bustani nzima kama asubuhi ya Juni, na ndani yake wanatembea polepole joho la Lea, skafu ya mwalimu Masinga, kanga ya mke wa Kusila. Mama mmoja aliona gauni la mama yake likipita, likisaidiwa kuketi, likipewa maji. Alilisogelea. Akalishika mkono.

Sechelela hakutazama sana huko. Alikuwa anatazama mgongo wa Lukonge.

Kwa muda ulikuwa unalowa kwa ukungu tu, matone madogo ya juu juu. Alisubiri kitu kingine, na hakujua anakitaka au anakihofia. Kikaja kwanza kwenye kola. Doa jeusi lilitokea pale penye weusi wa zamani, likaufunika, likashuka katikati ya mabega, likatanuka mpaka kwapani. Halikuwa ukungu. Lilikuwa na chumvi. Lukonge alikuwa anatoka jasho.

Alikuwa anapona, na kila doa lilipoongezeka Chibago alikuwa anapungua, na Sechelela akakaa pale pale akaviangalia vyote viwili, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuviangalia.

Gari la wagonjwa lilifika alasiri, kama ilivyosemwa, na kuwachukua bibi wawili. Ndahani alikuja nalo. Alisimama kando na kifaa chake shingoni, akasoma, akatazama watu, akasoma tena. Safari hii namba zilikubaliana. Alimtazama Sechelela. Akaenda kusaidia kubeba ndoo.

Lukonge alikataa gari. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anatetemeka.

"Mti wenu una baridi, mama," akasema. "Mtu anaweza kupata mafua."

"Utazoea."

Alijitazama kifuani, akajaribu kuvuta shati mahali lilipombana. "La nani hili?"

"La mume wangu. Chibago. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa."

Lukonge aliacha kulivuta. Alikuwa ameelewa, pengine si yote, lakini ya kutosha. Alianza kufungua vifungo. "Nimeliharibu. Limenuka mimi lote. Ngoja nilivue, nikalifue, nikurudishie."

Sechelela aliutazama mti. Ilikuwa saa tisa. Majani yalikuwa yamegeuka, na ukungu ulikuwa unashuka juu ya benchi la machweo kama siku zote, na juu ya benchi kulikuwa na mtu.

"Usilivue sasa," akasema. "Bado unatetemeka." Akaokota kindoo, akapuliza vumbi lililoingia ndani. "Jioni lifue. Kwa sabuni, ulisugue na kola. Halafu kesho asubuhi uje nalo mwilini, tukuoneshe jembe linakaa wapi."